Lipi la kutuliza nyumbani, lipi la kushuka nalo mlima

Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu, ile ya kukanyaga kwa miguu, iko kwenye kibaraza pembeni ya soko la Kadutu hapa Bukavu, na nyumba yetu iko juu zaidi, mahali ambapo gari halifiki. Kutoka barabarani mpaka mlangoni kwangu kuna ngazi 112 za udongo na mawe. Nilizihesabu katika mimba ya kwanza, siku nilipoanza kuhema kabla sijafika katikati. Sasa nina mimba ya tatu, wiki ya 35, na wakati ninaandika haya mtoto ameweka kisigino chake chini ya ubavu wangu wa kulia, anasukuma.

Wajawazito wengi hupita kwenye kibaraza changu. Wanaleta vikwembe, yaani vitenge, niwashonee magauni ya kupanuka, na ninapowapima ndipo wanapofungua mdomo, wakiniita yaya, yaani dada. Yaya, miguu imekuwa kama ya mtu mwingine. Yaya, usiku silali. Yaya, ninalia bila sababu. Nimejibu kwa mdomo miaka mingi, leo nayaandika.

Kuna neno moja ambalo kila mjamzito wa mji huu ameshaambiwa: vumilia. Mama mkwe atasema vumilia, jirani atasema vumilia, hata yule anayekuuzia nyanya. Wanasema kweli, lakini ni nusu yake. Mambo mengi ya miezi mitatu ya mwisho ni mzigo wa kawaida wa mwili unaobeba mwili mwingine, hayaishi mpaka ujifungue, na kazi yako ni kuyatuliza tu. Lakini yako machache ambayo ukiyavumilia unaweka maisha ya watu wawili hatarini. Kwa hiyo kila jambo linaponijia najiuliza: hili ni la kutuliza nyumbani, au ni la kushuka nalo mlima? Kwetu kituo cha afya kiko chini, karibu na barabara. Kushuka ni kazi, na kupanda tena ni kazi mara mbili, ndiyo maana wengi wetu tunaahirisha.

Ngazi, maji na kiuno

Kuanzia wiki ya 28 hivi utaona pumzi inakuwa fupi. Kizazi kimepanda, kinasukuma mapafu kutoka chini. Wakati huohuo viungo vya nyonga vinalegea ili kujiandaa kumpitisha mtoto, na uzito umehamia mbele. Hapo ndipo kiuno kinapoanza kulalamika, na mtu aliyezoea kupanda mlima bila kufikiri anaanza kuufikiria tangu asubuhi.

Mimi hupanda ngazi 20, nasimama. Nasimama kabla pumzi haijaisha, siyo baada ya kuisha. Naweka unyayo mzima kwenye ngazi, sipandi kwa vidole, na mkono mmoja uko huru kushika ukuta. Mvua ikinyesha, na kwetu inanyesha kuanzia Septemba mpaka Mei, ule udongo mwekundu unakuwa sabuni. Acha kandambili nyumbani. Vaa viatu vya plastiki vyenye meno chini, hata kama havipendezi na gauni. Na ukianguka ukafikia tumbo, shuka ukapimwe siku hiyohiyo hata kama hakuna kinachouma.

Kitu kilichonisaidia kuliko dawa yoyote ya mgongo ni kufunga tumbo kwa kikwembe, lakini wengi wanakifunga vibaya. Wanakizungusha juu ya tumbo na kukaza, halafu wanashindwa kupumua. Fanya hivi: chukua kikwembe kimoja cha yadi 2, kikunje kwa urefu mara kadhaa mpaka kibaki na upana wa kiganja na nusu. Kipitishe chini ya tumbo, pale ambapo tumbo linakutana na mapaja. Kirudishe nyuma, kipishane juu ya mifupa ya nyonga, siyo kwenye kiuno chenyewe. Rudisha ncha mbele, fungia ubavuni, kamwe usifungie katikati. Ingiza vidole viwili kati ya kitambaa na ngozi, visipoingia, legeza. Ukikaa sawa utasikia tumbo limeinuliwa kidogo, kana kwamba kuna mtu ameweka mikono chini yake. Ukilala, kifungue. Wateja wangu wengine nawashonea mkanda wa namna hiyo wenye mpira mpana wa sentimita 10, lakini kikwembe kinafanya kazi ileile.

Kama maumivu yako kwenye mfupa wa mbele wa nyonga, yale yanayochoma unapogeuka kitandani au unapovaa chupi kwa mguu mmoja, basi vaa ukiwa umekaa, na unapogeuka kitandani bana magoti pamoja, ugeuke mzima kama gogo. Inaonekana jambo dogo. Mimi liliniokoa usiku mwingi.

Halafu maji. Bidoni la lita 20 ni kilo 20, na mabomba yetu mara nyingi yako bondeni. Mimba ya kwanza nilibeba mpaka wiki ya 37 kwa sababu niliona aibu kusema siwezi. Sasa nina mabidoni ya lita 5, na yale makubwa anayabeba mume wangu alfajiri kabla ya kwenda kazini. Sikupata hilo kwa kunung'unika. Nilimkalisha jioni moja, nikamwomba anyanyue bidoni na kulishika mbele ya tumbo lake wakati mimi nahesabu ngazi za mlimani, moja, mbili, tatu. Nilifika 30 akaliweka chini, na tangu siku hiyo hatujazungumza tena habari ya maji.

Shuka nalo mlima: pumzi inayokosekana ukiwa umekaa tu, maumivu ya kifua, moyo unaokwenda mbio bila kazi, au viganja na ndani ya kope vimekuwa vyeupe. Huenda damu imepungua, na damu iliyopungua haingoji siku ya kujifungua ndipo itafutiwe dawa.

Kiungulia, choo kigumu na ule udongo wa sokoni

Sisi tunakula usiku. Bugali kubwa, sombe (kisamvu) yenye mawese, halafu kitanda. Kwa mjamzito wa miezi ya mwisho, hapo umejipikia moto wa kifuani mwenyewe. Homoni za mimba zinalegeza mlango wa juu wa tumbo la chakula, na mtoto analibana kutoka chini, kwa hiyo chakula na uchachu wake vinarudi juu. Mimi sasa nakula cha jioni saa kumi na moja na nusu, sahani ndogo, na sinyooshi mgongo kabla ya masaa matatu kupita. Saa nne asubuhi nakunywa uji wa masoso, ule wa mahindi, soya na mtama, nao unanishika vizuri. Kichwa cha kitanda tumekiinua kwa matofali mawili chini ya miguu yake. Mito mingi haikunisaidia, ilinikunja shingo tu.

Kula sambaza, visamaki vyetu vya ziwa Kivu, nzima, na kichwa na mifupa yake. Ni chokaa ya mifupa ya mtoto, na bei yake bado mtu wa kawaida anaiweza. Maharage, lengalenga, avoka, papai: hivi ndivyo vinavyolainisha choo, pamoja na maji. Najua tunapunguza maji kwa kuogopa kukojoa kila mara. Usipunguze. Punguza saa mbili za mwisho kabla ya kulala, lakini mchana kunywa.

Vidonge vya kuongeza damu tunavyopewa kwenye CPN, kliniki ya wajawazito, vinafanya choo kiwe cheusi na kigumu, na kwa sababu hiyo wengi wanavificha kabatini. Choo cheusi hapo siyo ugonjwa. Vimeze na chungwa au marakuja, usivimeze na chai, kwa maana chai inazuia chuma kuingia mwilini. Vikikuchafua moyo asubuhi, vimeze usiku. Usiviache kimyakimya, mwambie mkunga, atakusaidia kupanga.

Kuhusu udongo. Unauzwa sokoni vipande vidogo vilivyokaushwa, na mjamzito anaununua bila mtu kumshangaa. Nilikula mimba ya kwanza, kila siku, nikiuweka kwenye kopo la vifungo ili mteja asione. Hamu ile mara nyingi huja kwa mtu ambaye damu yake iko chini, na udongo wenyewe unazidi kuzuia chuma, tena unaweza kuleta minyoo. Nilipoona aibu imenizidi nikamwambia mkunga. Hakunicheka. Alinipima damu, akanipa dawa ya minyoo na vidonge, na baada ya wiki kadhaa hamu ilipungua yenyewe. Kwa hiyo ukiwa unakula, sema.

Miguu, na bangili ya bibi yangu

Hapa nitakaa kidogo.

Miguu kuvimba jioni ni kawaida. Maji ya mwili yameongezeka, mtoto anakandamiza mishipa inayorudisha damu juu, na ukikaa au kusimama mchana kutwa maji yanashuka. Mimi napima kwa futi yangu ya kazini: kifundo cha mguu asubuhi sentimita 23, jioni 25, kesho yake asubuhi kimerudi 23. Kikirudi, nimetulia. Kukanyaga cherehani kunasaidia kwa sababu kifundo kinatembea, ila kila saa moja nasimama, natembea mpaka kwa muuza mkaa na kurudi. Jioni naegemea ubavu, miguu juu ya gunia la vitambaa, nusu saa. Chumvi napunguza kiasi cha kuona ladha tu. Vaa kiatu kisichobana, na pete ivue mapema kabla haijakataa kutoka.

Sasa sikiliza ya mimba ya pili.

Nina bangili ya shaba aliyoniachia bibi yangu. Ilikuwa inateleza mkononi mpaka nilikuwa naisukuma juu ninaposhona isigonge meza. Wiki ya 33, siku ya Jumanne, nikaona haitelezi. Jumatano imeacha alama kwenye ngozi. Siku hiyohiyo kichwa kikaanza, kinabana pande zote kama kilemba kilichofungwa na mtu mwenye hasira, na hakikuondoka hata nilipolala. Alhamisi nilichukua uzi mweusi niutie kwenye sindano, nikaona tundu mbili, na vimulimuli vinacheza juu ya kitambaa. Niliwauliza watu wa karibu. Vumilia, ni mimba. Na mimi niliamini, kwa sababu wiki mbili nyuma nilikuwa nimehudhuria CPN mahali fulani, nikapimwa uzito na tumbo, lakini presha hapana. Mashine ilikuwa mbovu. Hakuna aliyeniambia niende kuipima kwingine, nami sikuuliza. Niliondoka na fishi, ile kadi ya kliniki, yenye nafasi tupu pale ilipopaswa kuwa namba.

Ijumaa alikuja mteja kuchukua gauni lake, mama mtu mzima aliyestaafu ukunga. Hakuliangalia gauni. Alinishika kidevu, akaniambia: "Mwanangu, uso huu si wako." Alifunga kibaraza yeye mwenyewe, akanishusha mpaka hospitali. Presha ilikuwa 160 kwa 110, na mkojo ulikuwa na protini nyingi. Kifafa cha mimba kilikuwa mlangoni. Walinichoma sindano za magnesi kuzuia mshtuko wa kifafa, wakanipa dawa za kushusha presha, na katika wiki ya 34 binti yangu alizaliwa, kilo 2 na gramu 100. Nilimbeba kifuani ngozi kwa ngozi, nimemfunga kwa kikwembe, mchana na usiku, mpaka alipopata uzito. Sasa anakwenda shule na anajua kutia uzi kwenye sindano kuliko mimi.

Kwa hiyo weka haya kichwani. Uvimbe wa miguu unaopungua asubuhi, tuliza nyumbani. Uvimbe wa ghafla wa uso na mikono, kichwa kisichoachia, macho kuona giza au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, shuka nao mlima. Siyo kesho. Hata moja tu kati ya hayo linatosha, na hata usiku. Presha ikifika 140 kwa 90 ni lazima ifuatiliwe.

Na kila ukienda CPN, uliza: presha yangu ni ngapi? Subiri wakutajie namba, kisha angalia kama imeandikwa kwenye fishi. Kama kipimo hakifanyi kazi, uliza wapi pa kupima leo. Huo si ukorofi. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mahudhurio 8 katika mimba nzima, na 5 kati yake yako baada ya wiki ya 28: wiki ya 30, 34, 36, 38 na 40. Yamesogezwa karibukaribu mwishoni kwa sababu ndiko mambo haya yanakotokea.

Mimba hii daktari alinianzishia aspirini ya kiwango kidogo tangu mapema, kwa ajili ya historia yangu. Nasema ili mwenye historia kama yangu amkumbushe daktari wake mapema. Usiinunue mwenyewe sokoni.

Usiku

Lala kwa ubavu. Wa kushoto au wa kulia, vyote vinafaa. Jambo ni kutolala chali kuanzia wiki ya 28, kwa kuwa uzito wa kizazi unakandamiza mishipa mikubwa inayompelekea mtoto damu. Ukiamka ukajikuta chali, usiogope, geuka tu uendelee kulala.

Nimejishonea mto mrefu wa mita moja na nusu, gunia la kitambaa kigumu nikalijaza vipande vinavyobaki kwenye meza ya kukatia. Unaingia kati ya magoti, unapanda chini ya tumbo, mwisho wake naukumbatia. Kila mwenye nguo kuukuu anaweza kuutengeneza kwa mkono. Usiujaze sana, unatakiwa ujikunje.

Msuli wa nyuma ya mguu, chini ya goti, ukikaza saa nane za usiku, nyoosha mguu na uvute vidole kuelekea kwako, kwa nguvu, mpaka uachie. Kunyoosha vidole mbele kunaongeza. Ila mguu mmoja ukivimba peke yake, ukauma na kuwa wa moto, hapo huenda damu imeganda, na ni wa kushuka nao.

Choo chetu kiko nje, kwa hiyo kuanzia wiki ya 30 naweka ndoo yenye mfuniko chumbani. Sioni sababu ya mwanamke mzito kutembea gizani kwenye utelezi mara nne kwa usiku. Kukojoa mara kwa mara ni kawaida. Mkojo unaochoma, wenye harufu kali au unaokuja na homa, siyo.

Chandarua usikiache. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na wako wanaodhani baridi inafukuza mbu. Malaria ipo, na kwa mjamzito inaweza kukaa kwenye kondo la nyuma bila kumpa homa kali. Vidonge 3 vya SP vya kuikinga, vile tunavyoita Fansidar, vinamezwa pale kituoni kila baada ya mwezi kuanzia mwezi wa nne, angalau mara tatu kabla ya kujifungua. Na mbabula, lile jiko la makaa, hata usiku uwe na baridi namna gani, ibaki nje. Moshi wake usioonekana unaua watu wakiwa usingizini.

Vifungo kumi

Kila mtoto ana saa zake za kucheza. Huyu wangu ni baada ya uji wa saa nne, na tena jioni redio inapowashwa. Zijue saa za wako. Mimi natumia makopo mawili ya vifungo: naegemea ubavu, na kila akisogea nahamisha kifungo kimoja. Kwa kawaida kumi vinahama kabla ya nusu saa kwisha. Vikichelewa, nakula kitu, nakunywa maji, naegemea tena na kuhesabu. Saa mbili zikipita bila vifungo kumi, nashuka.

Utaambiwa mtoto akikaribia kuzaliwa anatulia, anapumzika. Siyo hivyo. Namna ya kusogea inabadilika, anajinyoosha na kujisukuma zaidi kuliko kupiga teke kwa kuwa nafasi imekuwa ndogo, lakini hapunguzi. Mtoto aliyepunguza kucheza ni wa kupimwa mapigo ya moyo siku hiyohiyo.

Moyo nao unachoka

Mwezi uliopita nililia kwa sababu ya zipu. Nilikuwa nimeiweka imepinda, nikaifumua, ikapinda tena, nikaweka kichwa juu ya cherehani nikalia mpaka mteja aliyekuwa anangoja akanishika bega. Usingizi mdogo, mwili mzito, hofu ya kujifungua, hesabu za pesa: vyote vinakaa mahali pamoja na vinatafuta mlango.

Kinachonisaidia ni kutaja ninachokiogopa, kwa jina lake, kwa mtu mmoja anayenisikiliza bila kunikatiza. Kwangu ni dada yangu. Hofu yangu ilikuwa kwamba presha itarudi na nitawaacha watoto. Nilipoisema, yeye ndiye aliyependekeza tuandike nani atakaa nao usiku nikiitwa hospitali, na hofu ikapata kazi ya kufanya. Jambo la pili: kwenye kibaraza changu nimekataza hadithi za waliokufa wakizaa. Mtu akianza, namwomba kwa heshima anyamaze mbele ya mwenye tumbo. Anayetaka kuonya aonye kwa dalili, siyo kwa mazishi.

Lakini huzuni isiyoondoka wiki mbili, kukosa hamu ya chakula na ya watu, au mawazo ya kujidhuru, hayo ni ya kushuka nayo kama vile presha. Mwambie mkunga maneno hayohayo.

Mikazo, na siku yenyewe

Tumbo litakuwa linakaza na kuachia, hasa jioni na baada ya mlima. Kunywa maji glasi mbili, egemea. Mikazo isiyo na mpango, inayopotea ukipumzika, ni mazoezi. Uchungu wa kweli unakuja kwa mpangilio, unasogeleana, unaongezeka nguvu, na haujali kama umelala au unatembea. Ukija kwa mpangilio kabla ya wiki ya 37, usingoje kuona utafika wapi.

Damu inayotoka kama hedhi, chupa kupasuka, hasa maji yakiwa ya kijani au yenye harufu, homa, mshtuko wa kifafa: toka mara moja. Na nakuomba, dada, usinywe dawa ya miti ya kuharakisha uchungu, hata akikuletea mtu unayempenda. Kipimo chake hakijulikani, na kizazi kinachosukumwa kwa nguvu kinaweza kupasuka. Aliye na kovu la upasuaji, mapacha, au mtoto aliyekaa vibaya, apange tangu wiki ya 36 kuzalia palipo na chumba cha upasuaji, siyo kungoja apelekwe usiku. Mji wetu una hospitali za namna hiyo. Panzi, aliyoianzisha daktari Denis Mukwege mwaka 1999, ilizaliwa hasa kutokana na wazo la kuwahudumia wanawake wanaojifungua.

Kuhusu moto, yaani pikipiki: barabara zetu mnazijua. Tangu wiki ya 30 sipandi isipokuwa ya motari (dereva wa pikipiki) mmoja, jirani, anayekwenda polepole na anajua mashimo. Sikai upande. Nimejishonea suruali pana ya kuvaa chini ya kikwembe ili niweze kukaa nimetanua miguu, na nimewashonea wengine wanne wa mtaa. Lakini kwa siku ya uchungu nimepanga gari. Dereva wa teksi anayelala chini ya mlima ana namba yangu nami nina yake, imeandikwa pia kwa kalamu ukutani, maana simu inaweza kuzima na umeme usiwepo. Pesa yake iko kwenye bahasha, siigusi hata siku ya sabuni kwisha.

Mfuko uko tayari tangu wiki ya 34: fishi ya CPN juu kabisa, vikwembe vinne safi, nguo za mtoto na kofia mbili, sabuni, pedi, beseni dogo, chupa ya maji, kikombe, sukari kidogo, tochi. Uliza kituo chako wanataka ulete nini zaidi. Kila mahali pana orodha yake. Usiufiche chini ya kitanda. Wangu unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na mwanangu mkubwa, mwenye miaka 11, tumemfundisha mambo matatu: kubisha kwa mama jirani, kuchukua mfuko, kutangulia na tochi.

Jumamosi tulifanya zoezi. Saa mbili za usiku, mvua ndogo, yeye mbele anamulika ngazi moja moja, mume wangu nyuma yangu ameshika mkono wangu wa kushoto, mimi na kikwembe changu chini ya tumbo. Tulitumia dakika 14 mpaka barabarani. Tumeona kwamba ngazi ya 60 na kitu imebomoka ukingoni, na Jumapili hao wawili walileta mawe wakaijenga.